Masharti ya mizigo ya mkononi katika ndege

Masharti ya mizigo ya mkononi ni kanuni zinazoeleza vitu ambavyo abiria anaruhusiwa kuingia navyo ndani ya ndege. Kanuni hizo hazifanani kila mahali: kitu kilichopita bila swali katika kiwanja kimoja huweza kuchukuliwa katika kiwanja kinachofuata, safari ikiwa ileile.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) huweka kiwango cha chini tu, kupitia Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Kila nchi huongeza yake; msimamizi wa Tanzania ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Ndiyo maana mkasi wenye makali ya sentimita 8 unakubaliwa Marekani lakini unakataliwa katika Umoja wa Ulaya, ambako kikomo ni sentimita 6.

Vimiminika

Kikomo cha mililita 100 kilitokana na njama ya kulipua ndege kwa vimiminika, iliyogunduliwa Uingereza mnamo Agosti 2006. Kinachoangaliwa ni ukubwa wa chombo, si kilichomo: tyubu ya mililita 150 yenye dawa ya meno kidogo tu hukataliwa. Vyombo vyote huwekwa katika mfuko mmoja wa plastiki usiozidi lita 1, ila dawa na chakula cha mtoto mchanga. ICAO ilipendekeza utaratibu huo kwa safari za kimataifa. Safari za ndani ziliachiwa kila nchi.

Mfuko huohuo ulileta utata Tanzania bara ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 1 Juni 2019, hata kwa wageni wanaoshuka uwanjani. Serikali ilieleza kwamba vifuko vyenye zipu vya kubebea vifaa vya usafi wa mwili vinaruhusiwa, kwa kuwa mgeni anatarajiwa kuondoka navyo.

Pwani ya Tanga

Kiwanja cha Tanga huhudumiwa na ndege ndogo zinazounganisha mji huo na Pemba, Unguja na Dar es Salaam. Humo uzito ndio hoja kubwa kuliko chupa: kikomo mara nyingi ni kilo 15, na mabegi laini hupendelewa kwa sababu nafasi ni finyu.

Zao la pwani hiyo, nazi, nalo lina masharti yake. Mbata imo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya bidhaa hatari (namba 1363), kwa kuwa mafuta yake huweza kupata joto yenyewe hadi kuwaka. Nazi mbichi haimo. Hata hivyo India ilikuwa ikizuia hata nazi nzima ndani ya ndege, ingawa Oktoba 2024 iliwaruhusu kwa muda mahujaji wa Sabarimala kuzibeba mkononi baada ya ukaguzi. Ruhusa hiyo iliwekewa mwisho wa 20 Januari 2025.