Tarehe, Sababu na Kimya: Kuipima Filamu ya Maisha ya Freddie Mercury

Filamu ya Bohemian Rhapsody, iliyozinduliwa London mwezi Oktoba 2018, inasimulia maisha ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, kuanzia mwaka 1970 hadi tamasha la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985. Mwimbaji huyo alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, na wazazi wake Waparsi, Bomi na Jer Bulsara, wakampa jina la Farrokh. Mwongozaji Bryan Singer alifukuzwa kazi kabla upigaji picha haujakamilika, na Dexter Fletcher akaimalizia. Hata hivyo filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 900 na kutwaa tuzo nne za Oscar, mojawapo ikiwa ya mwigizaji mkuu, Rami Malek. Wahakiki hawakuifurahia kama watazamaji, na lawama iliyorudiwa zaidi ni kwamba inakosea tarehe.

Lawama hiyo ni ya kweli, ila haitoshi kuwa hukumu. Wimbo wa Fat Bottomed Girls, wa mwaka 1978, unapigwa katika ziara ya Marekani ya miaka kadhaa kabla yake. John Deacon yuko jukwaani kabla ya 1971, mwaka aliojiunga na bendi. Makosa ya namna hii hayamgeuzii mtazamaji lolote la maana, na mhakiki anayeyajumlisha kisha akatoa alama amefanya kazi ya karani. George Custen, katika uchunguzi wake wa filamu za wasifu za Hollywood (1992), alikwisha kuonesha jinsi studio zilivyoyamimina maisha ya watu mbalimbali katika kalibu ileile. Juu ya hilo hakuna ubishi. Ubishi uko kwa mwanahistoria Robert Rosenstone, anayeshikilia kwamba filamu ya historia isipimwe kwa mizani ya kitabu, kwa kuwa haiwezi kusimulia bila kubuni. Watetezi wa filamu huchukua nusu hiyo ya hoja na kuiacha ya pili: kwamba upo ubunifu unaokubaliana na yanayojulikana na upo unaoyapinga. Kipimo kinachopendekezwa hapa kinaanzia kwenye nusu iliyoachwa. Tukio likihamishwa, swali si limehama miaka mingapi, bali kuhama kwake kumemfanya mtazamaji aamini nini kuhusu chanzo cha mambo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ugonjwa. Katika filamu, Mercury anajua kwamba ana UKIMWI kabla ya Live Aid na anawaambia wenzake wakiwa mazoezini. Jim Hutton, mwenza wake wa miaka ya mwisho, ameandika kwamba majibu ya vipimo yalipatikana mwaka 1987, karibu miaka miwili baada ya tamasha. Pia filamu inadai kuwa bendi ilikuwa imesambaratika kwa sababu Mercury alisaini mkataba wa kurekodi peke yake. Ukweli ni kwamba Queen walitoa albamu ya The Works mwaka 1984, wakazunguka nayo duniani, wakapiga Rio de Janeiro Januari 1985, na Mei mwaka huohuo walikuwa Japani. Tena Mercury hakuwa wa kwanza kutoka peke yake. Mpiga ngoma Roger Taylor alikuwa na albamu yake mwaka 1981 na nyingine mwaka 1984. Mpiga gitaa Brian May alitoa kazi yake mwaka 1983. Albamu ya Mercury ilitoka Aprili 1985. Ikumbukwe kwamba May na Taylor walishiriki katika utayarishaji wa filamu na meneja wao Jim Beach alikuwa miongoni mwa wazalishaji. Walio hai walikuwepo mezani. Aliyefariki tarehe 24 Novemba 1991 hakuwepo.

Ukiunganisha mabadiliko hayo, unapata hadithi ya mwana mpotevu: anawaacha wenzake, anaangukia ulevi na marafiki wabaya Munich, anaugua, anatubu, anasamehewa, anarudi jukwaani. Ugonjwa umekuwa mshahara wa kuondoka. Hapa Tanzania hadithi hiyo si ngeni. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na maradhi yakaitwa Juliana, kwa jina la nguo za wafanyabiashara wa mpakani. Adhabu ilitajwa kabla ya virusi kueleweka, na kazi ya kuitenganisha na maradhi ilichukua miaka mingi. Mtazamaji wa hapa, anayeitazama filamu hii kwenye simu bila kitabu cha historia ya Queen karibu naye, hana cha kumwonesha kwamba mfuatano huo umetungwa.

Linaloshangaza ni uangalifu uliotumika kwingine. Onesho la Live Aid, uwanjani Wembley, limejengwa upya hatua kwa hatua: fulana nyeupe, mkono unaorushwa juu, hata vikombe vya Pepsi vilivyopangwa juu ya piano. Kama sanaa ya uigizaji, sehemu hiyo inastahili sifa zake zote. Lakini waliojua kuvipanga vikombe walijua pia kalenda.

Kosa la pili ni la kimya. Simulizi la maisha katika filamu linaanzia kwa kijana anayebeba mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow. Zanzibar inatajwa tu katika mazungumzo ya nyumbani na picha za familia. Shule ya bweni ya Panchgani, India, alikopelekwa akiwa mtoto, kurejea Unguja mwaka 1963, na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliyoifanya familia ihamie Feltham, havina nafasi. Husemwa kwamba Mercury mwenyewe hakupenda kuyaongelea. Ndiyo, lakini kimya cha mtu ni sehemu ya wasifu wake, na huhitaji kuelezwa. Shaaban Robert, alipoandika wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad, alianzia Fumba na uuzaji wa vyungu kabla ya kumfikisha mjini na kwenye sahani za santuri. Alimsifu mno, hilo halifichiki, lakini msomaji anaona sauti ile ilitoka wapi. Zanzibar nayo ilikuwa na kimya chake: mwaka 2006 sherehe ya kuadhimisha miaka 60 ya kuzaliwa kwa Mercury ilipingwa na kikundi cha kidini ikafutwa. Makumbusho yake yalifunguliwa Shangani mwaka 2019, baada ya filamu.

Kwa kipimo cha sababu, basi, Bohemian Rhapsody ni onesho zuri la jukwaani na ni wasifu usioaminika. Mwalimu wa filamu anaweza kuitumia darasani, mradi aiweke sambamba na rekodi halisi ya Wembley na kumbukumbu za Hutton. Anayetaka kujua Farrokh Bulsara alikuwa nani kabla ya 1970 atafute kwingine.