Elimu na Haki ya Mwanamke wa Kifugaji: Tulikotoka na Tulipofika

Tunapoadhimisha miaka 10 ya kikundi chetu, wengi wenu mtafungua kwanza ukurasa wa hisa na mikopo. Si vibaya. Lakini kabla ya sanduku kulikuwa na safari ndefu zaidi: safari ya mwanamke wa Kimaasai kutafuta elimu ili alinde haki yake. Tumeona tuieleze hapa, hasa kwa ajili ya mabinti zetu.

Zamani mama hakuwa mtu asiye na kitu, kama wengine wanavyodhani. Nyumba ndani ya boma aliijenga mwenyewe kwa fito, udongo na samadi, na ilikuwa yake. Maziwa nayo yalikuwa mikononi mwake. Yeye ndiye aliyejua nani anywe, ndama abakiziwe kiasi gani, na yapi yakabadilishwe kwa nafaka. Haki hizo hazikuandikwa mahali, zilijulikana tu. Shida ilikuja pale mambo yalipoanza kuandikwa, na sisi hatujui kusoma.

Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimaasai walitia sahihi hati ya serikali ya kikoloni, ya kukubali kuondoka Serengeti. Hati ile ilikuwa ya Kiingereza. Mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kwa sheria yake, na watu wetu wakahama na ng'ombe wao. Kati ya wale 12 hakuwemo mwanamke hata mmoja, ingawa nyumba zilizoachwa nyuma zilijengwa na akina mama.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika, lakini polepole. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Azimio la Musoma la 1974 likataka kila mtoto apate elimu ya msingi. Huku kwetu, mradi mkubwa wa malisho uliofadhiliwa na Marekani katika miaka hiyo ya 1970 ulikuja na majosho, madume ya mbegu na mafunzo. Walioitwa kwenye mikutano ni wanaume. Sisi tulibaki kukamua. Na binti aliyeandikishwa shule, je? Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Basi ng'ombe wa mahari walifika bomani kabla ya cheti cha darasa la saba.

Miaka ya 1990 ndipo akina mama walipoamka kwa umoja. Mwaka 1995 Mama Gertrude Mongella aliongoza kama Katibu Mkuu mkutano wa wanawake wa dunia kule Beijing. Mwaka huohuo Kanisa la Kilutheri lilifungua sekondari ya wasichana wa kifugaji Monduli. Mwaka 1997 wanawake wa Loliondo wakaanzisha shirika lao, Pastoral Women's Council, ambalo wengi tunaliita PWC. Huko Dar es Salaam nako wanasheria wanawake wa TAWLA na wenzao wa mashirika mengine waliungana kudai kwamba sheria mpya za ardhi zimtaje mwanamke kwa jina.

Zikamtaja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, iliyoanza kutumika 2001, inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Tena inasema baraza la ardhi la kijiji liwe na watu 7, na wasiopungua 3 wawe wanawake.

Lakini sheria ikikaa ofisini kwa mtendaji inamsaidia nani? Hapo ndipo elimu ilipofanya kazi. Katika mikutano yetu aliyesoma aliwasomea wenzake kifungu kwa Kiswahili, mwingine akakieleza kwa Kimaasai, wakongwe wakakikariri. Asiyejua herufi alijua hesabu: 7 na 3. Mjane akiambiwa shamba ni la shemeji, hakwenda peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Walikwenda wanne, watano, na kifungu mkononi.

Tusidanganyane hata hivyo. Elimu siyo dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2013, mpango wa kutenga kilomita za mraba 1,500 za Loliondo ulipotangazwa, akina mama walikuwa mstari wa mbele kuupinga, na Septemba mwaka huo Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliwaambia wananchi kuwa ardhi ni yao. Juni 2022 alama za mipaka zikawekwa, na eneo hilo likatengwa. Ushindi wa leo unaweza kurudi mezani kesho, na anayejua kusoma ndiye atakayeona mapema kilichoandikwa.

Yapo pia ya kushukuru. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba ndoa ya miaka 15 inapingana na Katiba. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia 2016. Visingizio vimepungua, wazazi wenzetu!

Kwa hiyo, akina mama, katika miaka 10 ijayo tusihesabu hisa peke yake. Kila mwanachama ajue kusoma daftari lake mwenyewe, asitegemee jicho la katibu. Nafasi tatu za baraza la ardhi zisijazwe na majina ya kuandikiwa tu. Waende wanawake watakaosema. Na mkopo wa sare na daftari za binti usiwe wa mwisho kwenye foleni. Hati inayofuata ya kutia sahihi itakuja tu, na safari hii tuisome wenyewe kwanza.