Kifuasi cha Silaha: Maana Yake na Hatari Yake Mpakani

Miongoni mwa maneno yaliyoingia katika Kiswahili kwa mlango wa dukani, bila kupita kwanza mbele ya wanalugha wala mawakili, limo neno aksesori, ambalo muuzaji wa simu hulitumia kwa chaja na kava, fundi wa magari hulitumia kwa mazulia na redio, na ambalo sasa, madhali bidhaa za kila namna huagizwa kutoka ng'ambo kwa kubonyeza kidole, limefika hata kwenye silaha. Wenye kulifasiri wamegawanyika. Wako wasemao "vikorokoro", wako wasemao "vifaa vya ziada", na wako waliochagua "kifuasi", neno litokanalo na kufuata, ambalo limekwisha zoeleka katika lugha ya kompyuta na simu. Katika jambo la silaha uchaguzi huu si wa ladha tu, kwa sababu mtu avukaye mpaka na kitu cha bunduki mkobani huenda akashitakiwa kwa kitu ambacho yeye mwenyewe, kwa kuhadaiwa na jina lake, hakukihesabu kuwa ni kitu.

Neno "vikorokoro" lina kasoro ya kudharau: humfanya msikilizaji afikirie takataka za sandukuni, vitu visivyostahili kuandikwa katika hati yoyote. "Vifaa vya ziada" ni neno la adabu zaidi, walakini nalo lasema jambo moja tu, kwamba bunduki yaweza kulia bila ya vitu hivyo, na hilo ni kweli kwa mtumiaji, ilhali sheria za mipakani haziulizi kama kitu kinahitajiwa au hakihitajiwi. Huuliza kimetengenezwa kwa ajili ya nini, na kimefika pamoja na nini. Kwa maswali hayo mawili neno "kifuasi" lafaa kuliko wenziwe, kwa kuwa ndani yake limebeba swali la tatu lililo asili ya mambo yote: chafuata nini?

Wazee wetu wa pwani walikuwa na majina ya viungo vya bunduki na ya vitu vilivyoandamana nayo. Mtutu waliuita pia kasiba. Ufito wa kushindilia baruti waliuita mdeki. Jiwe la kutoa cheche lilikuwa gumegume, na bunduki yenyewe ikachukua jina hilo. Kilipokuja kikofia cha shaba chenye kulipuka kikaitwa fataki, na risasi iliyofungwa pamoja na baruti yake ikaitwa kiasi. Mataifa yaliyotia sahihi mkataba wa Brussels tarehe 2 Julai 1890, Zanzibar ikiwamo, yalipozuia kuingizwa silaha za moto katika Afrika baina ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, macho yao yalikuwa kwenye bunduki zenyewe, hasa zile zenye mistari ndani ya kasiba, na kwenye baruti, risasi na viasi, na gumegume isiyo na mistari ikaachiwa njia nyembamba ya kupita kwa idhini. Mdeki ulikuwa ufito tu, na mtu aliyeukuta peke yake hakuwa na sababu ya kuuogopa.

Fikra hiyo, ya kwamba kitu kidogo hakina hukumu mpaka kiungane na kikubwa, ni ya kale katika fiqhi. Katika Majalla, mkusanyo wa sheria za dola ya Uthmaniya uliotolewa baina ya 1869 na 1876, imewekwa miongoni mwa kanuni za mwanzo kwamba kifuatacho huchukua hukumu ya kile kinachofuatwa, wala hakitengwi kikapewa hukumu ya peke yake. Na ndiyo maana anunuaye ng'ombe mwenye mimba amekwisha nunua na ndama aliye tumboni, wala muuzaji hana ruhusa ya kumuuza ndama huyo kwa mtu mwingine. Tukilichukua neno "kifuasi", basi, tumechukua pamoja nalo kanuni kamili ya sheria, na inatupasa tutazame ni wapi mpakani kanuni hiyo inasimama na ni wapi inavunjwa.

Mahali inaposimama imara kabisa ni katika kitabu cha kuainisha bidhaa cha Shirika la Forodha Duniani, ambacho nchi zote za Afrika Mashariki hukifuata pamoja na takriban dunia nzima. Silaha na risasi zina sura yao, ya 93, na ndani yake kifungu cha 93.05 kimewekwa kwa ajili ya sehemu na vifuasi vyake. Sasa na aje msafiri na darubini ya kulengea: bomba jeusi lenye urefu wa shibiri moja na zaidi kidogo, kioo mbele na kioo nyuma, na ndani yake nyuzi mbili nyembamba zilizokatana kwa msalaba. Ikiwa imefungwa juu ya bunduki, au imeletwa pamoja na bunduki iliyokusudiwa, ofisa wa forodha huiandika katika sura ya 93 pamoja na bunduki. Ikiwa imeletwa peke yake, sura hiyo yenyewe humwamuru aitoe, naye huiandika katika sura ya 90, kifungu cha 90.13, jirani na kamera, hadubini na miwani. Kitu ni kile kile, na kilichobadilika ni sahibu yake tu.

Mabadiliko hayo si ya karatasi tupu. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inazitaja silaha na risasi za sura ya 93 miongoni mwa bidhaa ambazo haziingizwi ila kwa idhini, na bidhaa ya namna hiyo ikiingia bila idhini hutaifishwa, na mwenyewe akashitakiwa. Basi kitako cha bunduki ya kuwindia kinachotumwa kwa posta, ingawa ni kipande cha mti tu, kimo ndani ya sura ya 93 kwa njia ya kifungu cha 93.05, na darubini iliyokuja peke yake haimo. Illa asijidanganye mtu kwamba darubini hiyo imekuwa huru, kwa maana orodha ya forodha ni mlango mmoja tu katika nyumba yenye milango mingi, na sheria ya silaha ya nchi, pamoja na sheria ya nchi ilikotoka, zina milango yao.

Hapa ndipo yatupasa kulitenga neno jingine, "sehemu". Itifaki ya Umoja wa Mataifa juu ya silaha za moto, iliyopitishwa tarehe 31 Mei 2001 na kuanza kutumika tarehe 3 Julai 2005, inaeleza sehemu kuwa ni kitu kilichotengenezwa mahsusi kwa silaha ya moto na kilicho muhimu kwa utendaji wake, kisha inataja mifano: kasiba, kiunzi kinachobeba mitambo, kitelezi au silinda, na komeo lifungalo nyuma ya kasiba. Mpaka hapo maelezo na mifano vyapatana, kwa sababu bunduki isiyo na kasiba ni gongo. Lakini mwishoni mwa orodha hiyo hiyo kimetajwa na kifaa kilichotengenezwa au kugeuzwa ili kupunguza sauti ya mlio, kile ambacho wasomaji wa riwaya za upelelezi hukijua kwa jina la kiwambo cha sauti. Bunduki hulia bila kiwambo, tena hulia zaidi. Kwa maana ya kawaida ya lugha, basi, hicho ni kifuasi. Watunga sheria wamekihamisha kwa makusudi kutoka safu ya vifuasi na kukiweka safu ya sehemu, na hapo ndipo kanuni ya kale inapovunjika: mfuasi amepewa hukumu yake mwenyewe, hata asipokuwa na wa kumfuata.

Sheria za nchi zimekwenda mbali kuliko itifaki. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, iliyorithi maneno yake kutoka sheria ya Kiingereza, inapoeleza silaha ya moto ni nini inaingiza ndani ya maelezo hayo kifuasi kilichokusudiwa kupunguza sauti au mwako wa mlio. Kwa hiyo mtu anayeshuka Nairobi na kiwambo kitupu ameshuka, kwa macho ya sheria, na silaha. Marekani, ambako watu wengi hudhani kila kitu kimeachiliwa, hukiandikisha kiwambo tangu sheria ya 1934, na sheria ya 1968 ikakitaja waziwazi kuwa ni silaha ya moto. Huko Norwei, kwa upande mwingine, wawindaji hukifunga kwenye bunduki zao kama jambo la kawaida, kwa kuhifadhi masikio yao na utulivu wa majirani. Mwindaji wa Norwei anayefunga mizigo yake kwa safari ya Afrika, akakitia kiwambo humo pamoja na mafuta ya kusafishia kasiba, hajabadilika tabia wala nia. Kilichobadilika ni ardhi aliyokanyaga.

Tena kuna upande ambao wasafiri huusahau, nao ni upande wa kutoka. Watu huogopa forodha ya waendako, wakasahau kwamba waondokako pana sheria pia. Tangu tarehe 9 Machi 2020 Marekani imeyagawa mambo haya baina ya wizara mbili: kiwambo cha sauti, na magazini yenye kubeba risasi zaidi ya 50, vimebaki chini ya Wizara ya Mambo ya Nje, na darubini za kulengea pamoja na magazini ndogo zaidi ziko chini ya Wizara ya Biashara. Mtu aliyeko Ohio akimtumia nduguye wa Mombasa kimojawapo, hata kwa zawadi, amesafirisha bidhaa yenye kudhibitiwa, na iwapo amefanya hivyo kwa kujua na pasipo idhini iliyohitajiwa, adhabu ya juu katika sheria za wizara zote mbili ni kifungo cha miaka 20 na faini ya dola milioni 1 kwa kila kosa. Na avukaye kwa gari kutoka Montana kuingia Kanada, akiwa na magazini ya risasi 30 iliyo tupu chini ya kiti, bila bunduki yoyote, atakuta kwamba huko kikomo cha bunduki ndefu nyingi za nusu otomatiki ni risasi 5, na kwamba magazini iliyozidi hapo ni kifaa kilichopigwa marufuku chenyewe. Kuingiza kifaa cha namna hiyo kwa kujua ni kosa ambalo kifungo chake chaweza kufika miaka 14.

Huenda mtu akauliza: je, aliyesahau? Mwaka 2024 katika visiwa vya Turks na Caicos watalii kadhaa wa Kimarekani walikamatwa uwanja wa ndege kwa kukutwa na risasi zilizosalia mikobani mwao. Risasi si kifuasi, lakini fundisho ni lile lile. Sheria ya huko ilikuwa imeweka kifungo kisichopungua miaka 12, na ingawa mahakama iliona kwamba mazingira yao hayakuwa ya kawaida, ikatoa vifungo vilivyoahirishwa pamoja na faini, watu hao walikwisha kaa kisiwani wakingoja hukumu, mbali na watoto wao na kazi zao. Usahaulifu huweza kupunguza adhabu, kukamatwa haukuzuii.

Kwa sababu hizo napendekeza istilahi hii ipokewe katika kamusi zetu kwa maelezo yafuatayo. Kifuasi cha silaha: kitu kisicho cha lazima kwa utendaji wa silaha ya moto, kilichotengenezwa au kugeuzwa ili kiambatane nayo na kubadili namna yake ya kulenga, kulia, kubeba risasi au kushikwa, ambacho katika sheria huweza kufuata hukumu ya silaha, au kupewa hukumu yake mwenyewe. Kiwambo cha sauti kiandikwe pembeni kuwa ni mfano wa namna ya pili. Neno "sehemu" lihifadhiwe kwa kasiba na wenzake, wala mfasiri wa hati za forodha asiyachanganye mawili hayo kwa kutaka kupendezesha sentensi, maana kosa lake litalipwa na mwingine.

Na mwenye kusafiri aulize kwa maandishi, kabla ya kufunga mzigo, kwa mamlaka za nchi atokako, za nchi atakayopitia hata kama ni kwa kubadili ndege, na za nchi aendako, akikitaja kitu kwa kazi yake na si kwa jina alilolikuta katika tangazo la dukani. Akiwa amekwisha fika forodhani na kitu asichokijua hukumu yake, na akitangaze yeye mwenyewe kabla mkoba haujafunguliwa: kilichotangazwa huenda kikazuiliwa au kikarudishwa kilikotoka, na bado yeye akaendelea na safari yake, ilhali kilichonyamaziwa humtia mwenyewe katika shitaka la pili, la kuficha, ambalo halitazami tena kama kitu hicho kilikuwa sehemu au kifuasi.