Kompyuta ikizima ghafla, kagua draiva kabla ya kufuta Windows

KOMPYUTA inapoganda au kuzima ghafla katikati ya kazi, watumiaji wengi hukimbilia kwa fundi, naye mara nyingi hushauri 'kupiga Windows' upya. Hatua hiyo huweza kuondoa tatizo, lakini pia huweza kuondoka na barua, mahesabu na picha za miaka mingi iwapo mwenye kompyuta hakuweka nakala. Kabla ya kufikia uamuzi huo, ni vyema kuchunguza draiva.

Draiva ni programu inayoiwezesha Windows kuwasiliana na kifaa fulani, kama vile printa au kadi ya picha. Programu ya kawaida, mathalani ya kuandikia barua, ikiharibika hufungwa peke yake na nyingine zikaendelea. Draiva nyingi, kinyume chake, hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo. Ikigusa sehemu ya kumbukumbu isiyoihusu, Windows hujisimamisha kwa makusudi ili kuzuia madhara zaidi. Hapo ndipo huonekana ile skrini ya buluu, ambayo katika matoleo mapya ya Windows 11 iligeuzwa kuwa nyeusi mwaka 2025.

Tatizo hili si geni. Takwimu za Microsoft zilizowekwa wazi mwaka 2008 katika kesi nchini Marekani zilionyesha kuwa asilimia 28.8 ya matukio ya Windows Vista kukwama yaliyorekodiwa mwaka 2007 yalihusishwa na draiva za Nvidia. Vista ilikuwa mpya, na draiva nyingi zilikuwa bado hazijakomaa.

Julai 19, 2024, dunia ilishuhudia tukio kubwa zaidi. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza faili lenye kasoro, ambalo draiva yake ilishindwa kulisoma. Kosa hilo lilianza saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki na kurekebishwa saa 2:27, lakini kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimeathirika. Safari za ndege zilifutwa na huduma za hospitali na benki zikavurugika katika nchi mbalimbali. Nyingi ya kompyuta hizo hazikuhitaji kufutwa: mafundi waliziwasha katika hali salama, wakaondoa faili hilo, zikarejea kazini.

Mtumiaji wa nyumbani au ofisini anaweza kufuata utaratibu kama huo:

1. Piga picha ya skrini ya hitilafu kwa simu. Jina la faili linaloishia na .sys hudokeza draiva inayohusika. Kwa mfano, nvlddmkm.sys ni ya kadi ya picha ya Nvidia.

2. Jiulize ni nini kilibadilika kabla ya tatizo kuanza: printa mpya, kifaa kilichoongezwa au masasisho ya Windows.

3. Bofya alama ya Start kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uchague 'Device Manager'. Kifaa chenye alama ya mshangao ya njano kina kasoro. Kifungue, nenda sehemu ya 'Driver' na ubofye 'Roll Back Driver' ili kurudisha toleo la awali, iwapo limehifadhiwa.

4. Kompyuta ikikataa kuwaka, izime kwa kitufe chake inapoanza kuwaka, mara mbili au tatu mfululizo, hadi ukurasa wa ukarabati utokee. Pitia 'Troubleshoot', 'Advanced options' na 'Startup Settings', iwashe upya, kisha bonyeza 4 kuingia katika hali salama.

5. Draiva mpya ichukuliwe kwenye tovuti ya mtengenezaji au kupitia Windows Update. Epuka programu zinazojinadi kusasisha draiva zote bure, kwani baadhi hubeba virusi.

Iwapo hali haibadiliki, chanzo kinaweza kuwa joto kali, diski au RAM mbovu. Hapo fundi ana nafasi yake.

Kompyuta zenye diski iliyofungwa kwa BitLocker huweza kudai namba ya siri ya tarakimu 48 wakati wa ukarabati. Namba hiyo, pamoja na nakala ya kazi zako, ihifadhiwe mapema nje ya kompyuta.