Mji Unapovuka Mpaka Wake

Mji hauna mikono, walakini hushika. Hauna miguu, walakini hutembea. Leo husimama penye mpaka uliochorwa katika ramani, kesho huonekana ng'ambo yake, katikati ya mahindi na viazi. Nani basi mwenye haki ya kusema kwamba hapa patakuwa nyumba, pale soko, na kule karakana? Na neno lake lafika wapi? Historia ya Iringa na Mbeya, miji miwili ya Nyanda za Juu Kusini, yatoa jibu lenye mafunzo.

Iringa ni mtoto wa vita. Kalenga, ngome ya Mtwa Mkwawa, ilianguka mwaka 1894. Na mwaka 1896 Wajerumani wakajenga boma jipya juu ya kilima kiutazamacho mto Ruaha Mdogo, wakalipa jina litokalo katika neno la Kihehe lenye maana ya ngome. Mbeya ni mtoto wa dhahabu. Ulianzishwa mwaka 1927 chini ya mlima Loleza, wakati wa utawala wa Waingereza, watu walipokuwa wakikimbilia machimbo ya Lupa. Mji mmoja ulichaguliwa mahali na askari, wa pili ulichaguliwa na biashara. Mkulima hakuulizwa katika wowote.

Sheria ilikuwa imekwisha kumtangulia. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1895 ilifanya ardhi iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya dola. Sheria ya Waingereza ya mwaka 1923 iliiweka ardhi ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana. Mwaka 1928 ndipo ilipotajwa waziwazi kwamba mtu akaaye juu ya ardhi kwa mila naye ana haki ya kuitumia. Katika miji, ugawaji wa viwanja ulifuata rangi za watu. Majina ya Uzunguni na Uhindini yangali vinywani mwa wenyeji wa Mbeya, ingawa ubaguzi ulioyazaa umekwisha kufa. Jina hudumu kuliko amri.

Mwaka 1956 ilitungwa sheria ya mipango ya miji na vijiji. Kiini chake kilikuwa eneo la mipango: Serikali ikilitangaza, ujenzi ndani yake haukuweza kufanywa bila idhini. Eneo hilo halikulazimika kulingana na mpaka wa mji. Hivyo neno la mji liliweza kumfikia mtu ambaye hakuwa raia wa mji huo, wala hakunufaika kwa taa zake, wala kwa maji yake.

Baada ya uhuru, umilikaji wa ardhi wa milele ulifutwa mwaka 1963. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilipita karibu na Iringa, ikafika Mbeya. Na reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, ikaiongezea Mbeya nguvu. Mwaka 1972 halmashauri zilivunjwa, na za miji zikarudishwa mwaka 1978, kwa kuwa ilidhihirika kwamba mji usio na msimamizi wake huchakaa. Mbeya ilipewa cheo cha jiji mwaka 2005.

Hapa ndipo ugumu unapoonekana. Mbalizi ni jirani wa jiji, lakini umo katika halmashauri ya wilaya. Uwanja wa ndege wa Songwe, ulioanza kutumika mwaka 2012 badala ya ule wa zamani uliokuwa mjini, nao uko nje ya mipaka ya jiji. Jiji lauhitaji, walakini haliamui peke yake kitakachojengwa kando yake. Mto haujui mpaka wa halmashauri, wala lori halisimami kuutafuta. Jirani wasiposhauriana, kila mmoja atapanga nusu ya jambo moja.

Sheria za ardhi za mwaka 1999, zilizoanza kutumika mwaka 2001, zilitenga ardhi ya kijiji na ardhi ya jumla. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kwa manufaa ya umma, na ukubwa wake usizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio ukubalio au ukataao. Ikizidi hapo, Waziri huamua baada ya kuyatazama mapendekezo ya mkutano huo. Fidia nayo yapasa kuwa kamili, ya haki, na ya upesi. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ikaweka utaratibu wa kutangaza maeneo na kusikiliza maoni ya watu.

Tofauti na mwaka 1896 ni kubwa: mkulima amepewa kinywa. Lakini kinywa chataka sikio. Kikao kiitwacho baada ya vigingi kukwisha kupigwa si ushauri, ni taarifa. Na fidia icheleweshwayo hulipa shamba la jana kwa bei isiyonunua kiwanja cha leo. Mji utaendelea kutembea, na hapana awezaye kuuzuia. Heshima yake itapimwa kwa namna ubishavyo hodi kabla ya kuingia katika shamba la mtu.