Chukudu ya Goma: historia iliyochongwa nyumbani

GOMA, Kivu Kaskazini. Mpita njia yeyote wa Goma anaijua chukudu: kigari cha miti chenye magurudumu mawili, usukani, na ubao mrefu wa kubebea mzigo. Tangu mwaka 2009 ina hata sanamu yake ya rangi ya dhahabu katikati ya mji. Lakini haikutoka kiwandani. Ilitoka katika viwanja vya nyumba zetu, mikononi mwa mafundi wenye shoka, panga, msumeno, patasi na nyundo.

Chukudu ilienea miaka ya 1970, wakati uchumi wa Zaire ulipokuwa ukianguka. Magari yalikuwa machache, vipuri ghali, na barabara za kutoka Rutshuru na Masisi zilizidi kuharibika. Viazi, kabichi na makala vilipaswa kufika sokoni vilevile. Mkulima asiye na lori alichonga la kwake.

Ukiitazama vizuri, kila kipande chake ni jibu la ajali fulani. Mti laini huvunjika chini ya mzigo wa mamia ya kilo, kwa hiyo fundi hutafuta mumba au mkalitusi. Mti mbichi hupasuka ukikauka, na gurudumu hugawanyika njiani. Fundi mwenye subira huuacha ukauke kwanza. Tundu la gurudumu likikosa kukaa katikati, chukudu huyumba na kumwangusha mwenyewe. Ubao mtupu huliwa haraka na mawe ya volkano, ndiyo maana gurudumu huvikwa mpira wa gari uliochakaa. Ndani huwekwa rulma za magari mabovu, zile pete za chuma zenye goroli. Kwenye mteremko wa Kibumba, kipande cha mpira kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma ndicho breki. Na pale goti linapoegemea, hupigiliwa kandambili ya zamani.

Ujuzi huo uliusaidia mji mwaka 2002. Tarehe 17 Januari Nyiragongo ililipuka, na lava ikapita katikati ya Goma hadi ziwani. Watu waliporudi kujenga juu ya mawe meusi, nyumba nyingi zilisimamishwa kwa mbao. Mbao hizo, mchanga na maji vilihitaji kubebwa, na chukudu zilibeba. Mwaka 2021 volkano ililipuka tena, watu wakahama tena.

Leo hatari ni nyingine. Vita vimewahamisha mafundi wengi. Mapema mwaka 2025 kambi za pembezoni mwa Goma zilipovunjwa, familia nyingi zilihama mara nyingine. Anayekimbia hubeba watoto na sufuria; msumeno hubaki, na kijana aliyekuwa akijifunza hutawanyika na bwana wake. Pikipiki za matairi matatu nazo zinachukua mizigo ya mjini.

Ndugu msikilizaji uliyehama, kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyechonga chukudu, mweke karibu na vijana. Hata bila vyombo vyote, anaweza kuwaonyesha mti gani unafaa, unakauka muda gani, na tundu linapimwaje. Shoka linaweza kununuliwa tena. Mzee akiondoka na hayo, sokoni hayauzwi.