NetHack, gemu iliyojengwa na washabiki wake

Wadau, leo naileta NetHack. Ni gemu ya zamani, ya bure, inayokubali hata kompyuta chakavu ya cafe. Kwa sura yake ya asili haina picha: wewe ni alama ya @, mbwa wako ni herufi d. Unachagua kuwa shujaa wa aina gani, halafu unashuka shimoni kutafuta Hirizi ya Yendor. Ukifa ndo basi tena, unaanza upya.

Ilitokana na Hack, ambayo Jay Fenlason na wenzake waliiandika mwanzoni mwa miaka ya 80 wakiwa wanafunzi wa sekondari huko Marekani. Andries Brouwer wa Amsterdam akaiongezea mambo, akaisambaza mwaka 1984. Mwaka 1987 Mike Stephenson akaunganisha marekebisho ya watu mbalimbali na kutoa NetHack. Hiyo "Net" ni kwa sababu watengenezaji walishirikiana kwa mtandao. Mmoja wao, Izchak Miller, alikuwa profesa wa falsafa. Alifariki mwaka 1994, na mwenye duka la taa ndani ya gemu anaitwa Izchak.

Leseni yake inamruhusu yeyote kusoma msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu, na kuubadilisha. Sharti kubwa ni hili: ukisambaza toleo lako, nawe uuache wazi vilevile. Sharti hilo ndilo lililoiokoa. Toleo 3.4.3 lilitoka Desemba 2003, na toleo rasmi lililofuata, 3.6.0, likaja Desemba 2015. Miaka 12 kimya! Gemu nyingine ingekufa. Washabiki walirekebisha kasoro wenyewe na kutoa matoleo yao, na 3.6.0 ilipofika ilikuwa imebeba baadhi ya kazi zao.

Mimi si mtaalamu. Nilifungua msimbo nikatafuta neno linalotokea chini ya skrini shujaa wako akiishiwa chakula, nikaweka "Njaa". Mara ya kwanza programu iligoma, kumbe nilifuta alama moja ya nukuu. Mara ya pili ikakubali. Nilicheza mpaka shujaa akadhoofika, ili tu nilione neno langu. Likatokea. Nikafa dakika chache baadaye, nikicheka.

Kwa hiyo wadau, tusiishie kucheza tu. Fungueni ndani muone. Nawakilisha.